Ripea kiti ya kabureta ya chenso: uzoefu wangu baada ya wiki tatu za petroli kuvuja

Mke wangu ndiye aliyegundua kabla yangu. Chenso, yaani msumeno wangu wa injini ya petroli, nilikuwa naiweka stoo, ukuta mmoja na jiko, na asubuhi moja akaniita: "Baba watoto, njoo uone, stoo yako inanuka kama sheli." Nikakuta doa chini ya mashine, pana kama sahani. Nilipofungua kifuniko cha filta ya hewa, filta ilikuwa imelowa chepechepe. Tenki niliyoijaza jana yake jioni ilikuwa imepungua karibu robo, na mashine haikuwa imewashwa hata mara moja.

Niko Mafinga. Nina ekari chache za paini na milingoti, na chenso yangu ya cc 72 (ukubwa wa injini) ina miaka sita kazini, inaangusha miti na kukata magogo ya kupeleka dingdong, vile vimashine vya kupasulia mbao. Si mashine ya maonyesho. Nimenunua ripea kiti mbili kwa ajili ya tatizo hili moja (kiti hiki ni pakiti ya vipuri vya kukarabatia kabureta, si cha kukalia, msije mkamwuliza muuza fenicha), na maoni yangu ni juu ya zote mbili, kwa sababu ya kwanza ndiyo iliyonifundisha kuinunua ya pili.

Mtu wa kwanza kuishika alikuwa fundi wa pikipiki. Kijana mchapakazi, sina ugomvi naye. Akaitazama dakika mbili, akasema, "Bosi, kabureta imekufa hiyo, nunua nzima." Kabureta nzima ya Kichina dukani ilikuwa elfu arobaini na tano. Nikamwambia tujaribu ripea kwanza. Nikapata moja ya elfu nane kwenye pakiti ya nailoni isiyo na jina wala namba, ndani yake dayaframu mbili (viwambo vyembamba vinavyonyumbulika) na gasketi zake. Akafunga. Usiku ule petroli ilivuja zaidi ya mwanzo, na asubuhi nilipovuta kamba ikagoma katikati kama imeshikwa na mtu. Silinda ilikuwa imejaa mafuta. Nilitoa plagi, nikageuza mashine plagi ikitazama chini, nikavuta kamba taratibu mpaka mafuta yakaisha kutoka. Ukikutana na hali hiyo usivute kwa nguvu. Utakata kamba, au utapinda chuma ambacho bei yake hutaki kuijua.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba yule kijana alikuwa anatafuta kitu ambacho hakipo. Kabureta ya pikipiki ina bakuli na boya: mafuta yakijaa, boya linapanda na kuziba njia. Chenso hulazwa ubavu, huinuliwa, hugeuzwa kichwa chini, kwa hiyo boya halina maana. Badala yake kuna dayaframu mbili. Moja ni ya pampu, inachezeshwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye tumbo la injini na kuvuta mafuta toka tenki. Ya pili ndiyo bawabu: injini ikivuta hewa, dayaframu hiyo inazama, inabonyeza leva ndogo, leva inainua sindano, mafuta yanaingia. Injini ikizimwa, springi chini ya leva inairudisha sindano kwenye tundu lake na kufunga. Lile neno "kufunga" ndilo lililokuwa na shida kwangu.

Kuna mzee hapa mtaani aliyetunza mashine za kuvunia miti kwa miaka mingi. Nikambebea mzigo wangu. Baada ya "kamwene" na habari za nyumbani, hakuifungua kwanza. Akauliza, "Inavuja ikiwaka, au ikizimwa?"

"Ikizimwa, mzee. Ikiwaka inakata vizuri, ila moshi mwingi na inakunywa sana."

"Basi usihangaike na mwili wa kabureta. Ina mlango usiofunga."

Hata hivyo alianza na vitu rahisi. Aliichomoa paipu ya mafuta na kuikunja kidole kwa kidole, hasa pale inapopita ukuta wa tenki, maana mpira hupasuka hapo na ufa hauonekani mpaka uukunje. Ilikuwa nzima. Akaangalia kipumulio cha tenki. Hicho huingiza hewa mafuta yanapopungua, lakini hakiachii ovyo mvuke utoke, ndiyo maana tenki iliyopigwa na jua hupumua "pssss" ukilegeza kifuniko. Hiyo si ajabu. Presha hiyo ndiyo inayosukuma mafuta usiku kucha kwenye sindano isiyoziba. Iliniingia akilini kwa nini mashine ilivuja zaidi siku nilizoirudisha kutoka shambani ikiwa ya moto na tenki limejaa.

Kisha kipimo chenyewe. Ana pampu ya mkono yenye geji. Alitoa kabureta, akaunganisha pampu pale paipu ya mafuta inapoingia, akajaza hadi 0.8 ba na kuacha. Sindano ya geji inatakiwa isimame pale pale. Yangu ilishuka kama jua la Juni huku kwetu. Akafungua kifuniko cha upande wa leva, akaizamisha kabureta kwenye bakuli la petroli safi (nje, mbali na jiko, na sigara yake akaizima bila kuambiwa), akasukuma tena. Povu likatoka moja kwa moja kwenye tundu la sindano. Hapakuwa na ubishi.

Tukagundua makosa mawili, na la kwanza ni la binadamu. Upande wa leva, gasketi hutangulia kukaa juu ya mwili wa kabureta, kisha dayaframu, kisha kifuniko. Upande wa pampu ni kinyume: dayaframu inakaa kwenye mwili, gasketi inafuata. Kijana alikuwa ameweka dayaframu kwanza pande zote mbili. Upande wa leva ikawa imekaa chini kuliko inavyopaswa, inabonyeza leva muda wote, mlango uko wazi. Ndiyo maana uvujaji ulizidi baada ya "matengenezo".

La pili ndilo lililoanzisha yote. Ncha ya sindano ina mpira, na kwa kioo cha kukuzia ilionekana imechongeka mduara kuizunguka, mahali inapogusana na tundu miaka yote sita. Ripea ya elfu nane haikuwa na sindano kabisa! Hata ingefungwa kwa ustadi wa daktari wa macho, isingetibu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo muuzaji hakuniambia. Ripea kiti ziko za aina mbili. Kabureta za Walbro, kiti kamili huanza na herufi K, na ya dayaframu na gasketi peke yake huanza na D. Za Zama, kamili ni RB, ya dayaframu na gasketi ni GND. Tillotson wanatumia RK na DG. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wa kabureta, usitaje aina ya chenso peke yake, kwa sababu mashine ya jina moja inaweza kuwa imefungwa kabureta tofauti mwaka hadi mwaka.

Niliagiza kiti kamili Gerezani, Dar, ikaja kwa basi siku ya pili. Elfu thelathini na mbili, na elfu tano ya mzigo. Ndani: sindano, leva, springi, pini, kichujio kidogo cha wavu, dayaframu, gasketi. Tofauti unaisikia kwa vidole. Dayaframu ya elfu nane ilikuwa ngumu, ukiibonyeza inalia "tak" kama kifuniko cha soda. Hii ya pili ni laini, inafuata kidole na kurudi kimya.

Malalamiko yangu kwake ni mawili. Gasketi ziko nyingi kuliko unazohitaji, kwa sababu pakiti moja inahudumia kabureta kadhaa, na hakuna karatasi inayoeleza ipi ni yako. Nililinganisha na za zamani moja moja mezani, tundu kwa tundu. Pia hakuna kipimo cha urefu wa leva, na urefu huo ndio moyo wa kazi: ikiwa juu mno itavuja, ikiwa chini mno mashine itakosa mafuta gogo likiwa katikati. Mzee alitumia rula. Kabla ya kung'oa leva ya zamani aliilaza rula juu ya mwili wa kabureta, akaona leva iko usawa gani, akaandika kwenye kibao. Mpya ikarudishwa usawa ule ule.

Tundu la sindano lilisafishwa kwa kijiti kilichochongwa na kitambaa. Asikudanganye mtu kuingiza waya. Mkwaruzo mmoja pale na kabureta ndiyo imekufa kweli. Skrubu za L na H, zinazopimia mafuta ya mwendo mdogo na mwendo mkubwa, tulihesabu mizunguko kabla ya kuzigusa. Mimi ya H siigusi peke yangu, kwa sababu ukibana sana mafuta yanapungua, pamoja na oili iliyomo ndani yake, na pistoni inaungua ukiwa unafurahia mlio mkali.

Geji ilisimama kwenye 0.8, tukanywa chai nzima, ikabaki pale. Huu ni mwezi wa nne tangu tuifunge. Filta kavu, moshi umepungua, kamba inavutika vizuri. Ripea ya elfu nane naipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu gasketi zake zilikaa bila kuvuja pembeni. Kiti kamili naipa nne; ya tano ingepatikana wangeweka karatasi ya maelekezo.

Ulizo la mwisho najua litakuja: kwa nini nisingenunua tu kabureta nzima? Jirani yangu alinunua. Inafanya kazi, ila matundu ya choki hayakulingana sawasawa na ya mashine yake, mpaka leo anasukuma choki kwa bisibisi.

Chenso yangu imepona, lakini stoo haijarudi. Inalala banda la kuku, kwa amri ya mama watoto, na rufaa yangu imekataliwa mara mbili.