Nimeuza oska wangu kwa sababu ya samaki wa sentimita nne

Haya, kamera inaona? Sogea kushoto kidogo, kioo kinarudisha mwanga. Hapo hapo.

Mambo vipi jamani, karibuni. Leo sianzi na jina la samaki, naanza na hiki nilichoshika. Ganda la konokono, tupu, nililichemsha jana usiku mpaka mke wangu akauliza napika nini. Nalidondosha hapa kona ya kulia, kwenye mchanga mtupu ambako hakuna anayeishi. Tumbukii. Limekaa ubavu, mdomo umeangalia ukutani. Tunaliacha hivyo hivyo. Mimi naendelea kuongea, wewe jicho lako moja libaki kwenye hilo ganda. Ukitoka kwenye video kabla halijapata mwenyewe, shauri yako.

Sasa samaki wenyewe ni hawa. Najua huwaoni, usisogeze uso kwenye simu. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, na nimeanza nalo makusudi ili msije mkasema nimelipwa. Sijalipwa. Ningelipwa ningekuwa na taa nzuri zaidi ya hii.

Jina lake la kitabuni ni Neolamprologus multifasciatus, maana yake mwenye mistari mingi. Wafugaji wanamwita multi, nasi tutamwita multi. Dume akimaliza kukua ana sentimita nne na kitu, jike tatu na kitu. Huyu ni miongoni mwa samaki wadogo kabisa katika ukoo wake duniani, na ukoo wake unaujua vizuri kwa sababu umeushika na ugali: sato na perege ni ndugu zake. Anatoka Ziwa Tanganyika, na hapatikani kwa asili mahali pengine popote. Sasa cha kuchekesha, humo humo ziwani yumo kuhe, yule ambaye watu wa Kigoma wakimvua mtaa mzima unajua. Kuhe anapita nusu mita na anahesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa ukoo huo. Ziwa moja limebeba jitu na kibete. Nilimwonyesha rafiki yangu wa Ujiji hawa multi, akaangalia, akaangalia, akaniuliza, "Sasa huyu unamkaanga wangapi?"

Mambo ya kuandaa tangi, kusubiri wiki nne mpaka sita bakteria wa kusafisha maji wajae kwenye chujio, siyarudii. Video ipo, na aliyeniandikia kwamba aliweka samaki siku ile ile na "sijui kwa nini wamekufa", kaka, ulijua.

Tuje kwenye rangi. Nitasema ukweli: wana rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na mistari ya kahawia imeshuka kutoka mgongoni kwenda tumboni. Jicho tu ndilo lina ubuluu fulani mzuri, mwanga ukimpiga. Ukimweka dukani karibu na beta mwekundu mwenye mapezi kama kanga imepepea, hakuna mteja atakayemwangalia mara mbili. Mimi mwenyewe nilimpita miaka miwili.

Lakini ngoja niwaambie habari ya rangi, maana mnanunua samaki kama mnanunua kitenge. Kuna duka moja, silitaji, nilinunua samaki kioo sita. Wale ambao mwanga unapenya mwili mpaka unahesabu mifupa. Hawa walikuwa na mstari wa pinki na wengine kijani mgongoni, wanang'aa, watoto walipiga kelele. Mwezi wa tatu mstari wa pinki ukaanza kufifia. Mwezi wa tano hakuna kitu. Nikadhani ni maji yangu, nikabadilisha maji mpaka bili ikapanda. Kumbe samaki yule kwa asili hana rangi ile. Anadungwa sindano ya rangi, samaki mzima, akiwa hai! Wangu wawili walikufa na vidonda pale pale palipokuwa na rangi. Tangu siku hiyo nikiona samaki ana rangi ya peremende, swali langu la kwanza kwa muuzaji ni kama wazazi wake nao wako hivyo. Akianza kukunakuna kichwa, naaga.

Na hata rangi ya kweli haitulii. Humo humo Tanganyika yupo Tropheus duboisi: akiwa mtoto ni mweusi tii na madoa meupe mwili mzima, kama usiku wa Dodoma wenye nyota. Mtu ananunua kwa ajili ya madoa. Akikua, madoa yote yanaondoka, kichwa kinageuka buluu na kiunoni anavaa mkanda mweupe au wa njano. Mzuri bado, lakini siye uliyemlipia. Hawa multi nao wakiogopa wanapauka, dume akikasirika mistari inakoza. Kwa hiyo ukimwona dukani amepauka usimhukumu, huenda amesafiri kwenye mfuko usiku kucha.

Ganda? Bado. Kuna jike mmoja alikuja akachungulia, akaondoka. Sawa.

Kabla sijasahau, chaneli. Tumefika wafuatiliaji elfu nane na mia, asanteni sana. Jumamosi hii hakuna matangazo ya moja kwa moja, nina harusi ya shemeji. Wiki ijayo yapo.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niuze oska. Mnamkumbuka oska wangu, yule samaki wa Amerika ya Kusini, mweusi na machungwa. Nilimnunua ana urefu wa kidole gumba. Muuzaji akaniambia, "Atakua kulingana na tangi." Uongo huo bado unauzwa mpaka leo. Oska anapita sentimita 30, tangi liwe dogo lisiwe dogo, na ukimbana anadumaa, anaumwa, anakufa kabla ya siku zake. Nilimpenda. Alikuwa ananijua, nikirudi kazini anakuja kioo cha mbele anatingisha mkia kama mbwa. Lakini alikuwa peke yake, hakuwa na jambo la kufanya. Ni kula, kunisubiri, kunyoa mimea. Nilimpa jamaa mwenye bwawa la zege Bunju, kwa bei ya hasara.

Sasa leta kamera huku, karibu kabisa na mchanga. Usiguse kioo.

Unaona maganda haya yote? Yapo ishirini na tisa, na hapo unaona kama kumi na mbili, mengine wameyafukia. Mimi sikupanga hivi. Mimi niliyamwaga tu, mchanga ulikuwa tambarare kama meza. Hayo mashimo na matuta ni kazi yao. Mwangalie huyu jike hapa. Anaingiza kichwa mchangani, anajaza mdomo, haya, anaogelea nyuma kidogo, anatema. Tena. Anajaza, anatema. Sasa nenda na macho, anatemea wapi? Kwa jirani! Mchanga wote wa uani kwake anaupeleka kwenye mlango wa mwenzake. Na jirani akitoka... subiri... huyo! Ameona. Anauchota ule ule, anaurudisha. Hii kesi ina miezi minne. Ile nyumba na hii nyumba, na hilo tuta katikati ndilo mpaka. Kila asubuhi nikija na chai yangu tuta limesogea kidole kimoja upande mmoja, jioni limerudi. Wapangaji wa chumba na sebule wanaogombania kamba ya kuanikia nguo hawafiki hapa.

Kuna na ufundi mwingine. Wakitaka ganda lizame, wanachimba chini yake upande mmoja, halafu wanakaa juu wanatikisa mwili kwa nguvu, mchanga unatimka, ganda linashuka lenyewe. Mwisho unabaki mdomo tu, umeangalia juu, sawa na usawa wa mchanga. Ukileta mkono, wote wanapotea. Hivi. Umeona? Tangi tupu. Hesabu, moja, mbili, tatu... macho hayo yanachomoza. Na yule dume mkubwa hatoroki, yule anakuja kuning'ata. Ananing'ata kweli, nasikia kama punje ya mchele inanichoma. Samaki wa sentimita nne anamfukuza baba wa watoto watatu!

Kila jike ana ganda lake. Dume mmoja anaweza kulinda majike kadhaa. Jike anataga ndani kabisa, na kwa wiki ya kwanza hujui kama kuna kitu. Halafu siku moja unaona vidoti viwili vitatu mlangoni, vina macho. Na hapa ndipo wanapotofautiana na samaki wengi. Gapi akizaa, anageuka anakula watoto wake. Hawa watoto wanabaki. Wanakua pale pale, wakubwa na wadogo pamoja, nyumba inakuwa mtaa. Niliweka sita. Sasa nikihesabu wakati wa kula nafika arobaini, halafu nachanganyikiwa.

Na hapo naomba nipunguze sifa, maana nimeanza kuongea kama muuzaji. Arobaini kwenye tangi la sentimita 60 ni wengi, wiki hii natoa kumi na tano. Mimea? Sahau, wataing'oa. Mchanga wanaoutimua umeshaniua pampu moja, uliingia kwenye rota, ile sehemu inayozunguka, ikasagika. Ukiwafuga, mdomo wa chujio uuinue juu. Na mgeni akija sebuleni, ukisema "nina samaki," ataangalia ataona mchanga. Mama mkwe alisimama hapa dakika nzima, akasema, "Mwanangu, samaki wako wameisha?"

Maji ndiyo yamenishangaza. Samaki wengi wa dukani wanataka maji laini, na mimi kisima changu maji yake sabuni haitoi povu. Ndiyo hayo hayo multi anayoyataka: magumu, na pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, kuanzia 8 kwenda juu. Ila uyaonje kwanza, visima vingine vya Dar ni vya chumvi, na chumvi ni habari nyingine, ziwa si bahari. Hita sina. Ziwa lina nyuzi 25, 26 hivi, na Dar mwezi wa pili tangi linafika 30 lenyewe, kwa hiyo mimi napigana na joto: feni ndogo inapuliza juu ya maji. Wa Njombe na Arusha, nyinyi nunueni hita.

Maganda mnaniuliza kila siku. Ziwani wanatumia ya konokono mmoja wa huko huko, anaitwa Neothauma, yamejaa chini. Mimi hayo sina. Ninaokota ya konokono wa bustanini, wale wakubwa wa mvua, ila yawe ya watoto wao, saizi ya limau dogo, mdomo mpana, hayana kona za ndani za kumbana samaki. Chemsha, suuza, basi. Chakula nawapa unga wa kulishia vifaranga vya sato, kilo moja inakaa mpaka unaichoka.

Bei. Mimi nilinunua elfu ishirini kila mmoja, kwa mtu aliyewazalisha nyumbani. Ndiyo, ni ghali kwa samaki wa saizi ya dagaa. Inaniuma zaidi nikifikiria kwamba wafugaji wa Ujerumani wanawajua samaki hawa kuliko sisi tunaokaa na ziwa. Nenda dukani hapa uulize samaki wa Tanganyika, utaonyeshwa goldfishi. Na wale wanaoniambia ninunue frontosa wa Kigoma mwenye mistari saba na nundu kwenye paji la uso: ni mzuri mno, namkubali, lakini anafika sentimita 30 na mimi nimetoka kwenye msiba wa oska. Nyumba yangu ni ya kupanga.

Jamaa wa chaneli nyingine, simtaji, alisema multi ni "samaki wa wazee waliochoka". Kaka, mimi nina miaka thelathini na nne, na ndiyo, nimechoka.

Kwa hiyo multi nampa tisa kwa kumi. Hapana, nane, kwa ajili ya ile pampu. Nane na nusu...

Wee, wee, wee. Rudisha kamera kulia. Ganda! Nani huyo? Ni yule dume mdogo, yule mkia umetafunwa, anayefukuzwa kila mahali, analala nyuma ya chujio. Kaingia. Katoka. Anazunguka. Anachota... anatema. Anachimba upande wa chini, mnaona? Ule mdomo ulioangalia ukutani anataka augeuze juu. Tena. Jamani. Na yule mkubwa ameshamwona, amesimama pale kwenye tuta, mistari imekoza... anakuja. Anakuja! Dogo ameingia ndani. Mkubwa amefika mlangoni, anachungulia...

Katoka! Kamng'ata pua! Mkubwa anarudi nyuma! Umerekodi? Niambie umerekodi.