Miche ya mrehani wa zambarau kwenye vitalu vya Mtwara: chunguza kiriba kabla ya kulipa

Kwa bustani ya kuvutia nyuki na vipepeo kwenye jua kali, mche huu unastahili pesa yake. Ni chotara wa mrehani wa kafuri wa Afrika Mashariki na Dark Opal, aina ya mrehani wenye majani ya zambarau. Hautoi mbegu za kuota, ndiyo maana huchanua mfululizo. Anayekuuzia pakiti ya mbegu zake amekuuzia kitu kingine.

Rangi isikudanganye. Zambarau iko kwenye majani machanga, shina na mashada ya maua. Jani likikomaa hugeuka kijani. Huo si ugonjwa.

Kasoro kubwa ni viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea. Miche mingi hukaa kitaluni hadi mizizi inazunguka chini kama kamba. Omba kiriba kipasuliwe kidogo: mizizi iwe myeupe, isiyo na vinundu. Vinundu ni dalili ya minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi, na kwenye mchanga wetu wa pwani hiyo ukiileta nyumbani haitoki kirahisi.

Shimo sentimita 30, changanya ndoo ndogo ya samadi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi), acha sentimita 75 kati ya miche. Panda Desemba, mvua zikishika. Kiangazi mwagilia shinani asubuhi. Usipulize dawa mche ukiwa umechanua, nyuki watakufa.

Na nunua mmoja tu, mingine utaiotesha mwenyewe. Kata tawi lisilo na ua, sentimita 10, chini ya kifundo (pale jani linapotokea), ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji kivulini; badilisha maji kila siku mbili. Mizizi huonekana ndani ya wiki mbili.