Mapango ya Matumbi: beba tochi, nguo ya kuogelea iache nyumbani

Nianze na hela, maana ndiyo niliyoulizwa kwanza nilipofungua kibanda Jumatatu. Safari ya mapango ya Matumbi, kule vilimani Kilwa, tulilipa shilingi elfu 70 kwa kichwa, kutoka Kilwa Masoko asubuhi na kurudi jioni. Ndani yake usafiri, mwongozaji, chakula cha mchana na "kuogelea kwenye mabwawa ya asili ndani ya mapango." Maneno hayo ya mwisho nimeyanakili yalivyokuja kwenye simu, kwa sababu ndiyo yaliyonitoa Lindi mjini. Mimi ni mama lishe. Siku nikifunga najua kwa hesabu ninachopoteza.

Tulikuwa wanne: mimi, shoga yangu na watoto wake wawili. Tulilala Masoko kwa shangazi yake. Gari tuliambiwa saa kumi na mbili, ikafika saa moja na nusu. Noah. Nangurukuru dereva akapakia abiria wawili wasiohusika pamoja na ndoo ya samaki, mwongozaji kanyamaza kama hajaona. Njiani tukanywa chai, kisha tukaiacha barabara kuu tukaanza kupandisha vilima kuelekea Kipatimu. Mara mbili tulishuka kusukuma.

Kijijini ndipo tulipogundua kwamba mwongozaji wetu njia haijui. Akaenda kumuita mzee mmoja, mwembamba, panga mkononi, miguu mitupu. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu, mmevaa nini miguuni?" Mimi nilikuwa na kandambili. Akacheka, akakata fimbo akanipa bila neno lingine. Kuanzia hapo ndiye aliyekuwa mwongozaji, na yule wa Masoko akawa mtalii kama sisi.

Sasa pango lenyewe. Hapa sitanii: ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Unatoka kwenye jua kali, unapita chini ya miti, mara ubaridi unakupiga usoni kama umefungua friji. Mlangoni bado kuna mwanga. Ukizidi kuingia inabaki tochi, na hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Tulipewa tochi mbili kwa watu sita, moja ikazima hata hatujafika mbali. Nikatembea kwa taa ya simu, mkono mmoja kwenye fimbo, mkono mmoja simu, chini mavi ya popo yanateleza kama mlenda. Kofia ngumu hatukupewa hata moja. Mtoto mkubwa wa shoga yangu aligonga kichwa. Hakuumia, ila mama yake hajasahau.

Babu akatuelekeza tumulike juu. Mawe yananing'inia, mengine yameshuka mpaka yakakutana na yanayopanda kutoka chini, ni nguzo tupu. Ncha ya moja ilikuwa na tone la maji. Tukalisubiri lidondoke kama watoto, likachukua muda kweli. Ni chokaa. Maji ya mvua yanapita ardhini, yanayeyusha jiwe la chokaa kidogo kidogo, yakidondoka yanaacha utando. Mimi nauona kila siku kwenye sufuria langu la chai, ule weupe unaogoma kutoka hata ukisugua na mchanga. Wangu una miaka mitatu. Huu wa pangoni sijui nani angeweza kuuhesabu.

Tulipokaa kupumzika babu akasema wazee wao walijificha mapangoni wakati wa Majimaji. Vita hiyo ilianzia vilima hivihivi, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Mjerumani. Shuleni niliisoma nikaandika mtihani nikafaulu. Lakini kukaa gizani pale, ukajaribu kufikiria mama amemziba mtoto mdomo asilie, ni habari nyingine. Mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa hapa Lindi, Wajerumani walimchimba wakampeleka Berlin. Pango hawakuweza kulibeba.

Tuje kwenye kuogelea. "Bwawa" tulilooneshwa lilinifika chini ya goti, rangi ya chai ya rangi iliyolala, na juu yake popo wamejipanga. Mtoto mdogo alikuwa ameshavaa miwani yake ya kuogelea. Mwongozaji akasema, "Dada, mmekuja kiangazi." Nikamuuliza babu, je masika? Akasema masika haingii mtu, maji yakija humu hayapigi hodi. Sasa kiangazi hakuna maji, masika hakuingiliki, hao wanaoogelea wanaogelea mwezi gani?

Chakula nitakisema kwa kifupi, wasije wakasema ni wivu wa biashara. Pilau iliyofungwa kwenye mifuko tangu alfajiri, imepoa, kitunguu hakikuiva ila rangi imewekwa. Kipande changu kilikuwa shingo. Mimi wali wa hivyo siuzi hata kwa shilingi elfu moja.

Tulirudi Masoko jua linazama. Watoto wakakimbilia ufukwe wa Jimbiza, nami nikaingia na kanga yangu nikaogelea, bure, maji yananifika kifuani.

Niliomba turudishiwe japo kidogo kwa ajili ya hilo bwawa. Nikajibiwa kwamba kulikuwa na maji, na maji ni maji. Kabla hatujaondoka kijijini nilikuwa nimemkunjia babu elfu kumi mkononi, akashtuka. Katika elfu 280 zetu, yeye hupewa elfu tatu. Mwaka huu nakusudia kurudi, na safari hii nashukia Kipatimu mwenyewe, nipite ofisi ya kijiji, nimuulizie mzee wa panga. Raba nimeshanunua. Tochi nitabeba mbili, na pilau nitapika mimi, pamoja na ya babu.