Lochi klauni watano sebuleni kwangu Kampala: mwaka wa pili sasa

Lochi klauni ni samaki wa mapambo, na wa kwanza nilimnunua kwa sababu ya konokono. Waliingia kwenye tangi langu la samaki na majani ya majini niliyopewa na jirani, na baada ya miezi miwili kioo kizima kilikuwa kimetapakaa konokono wadogo kama punje za mtama. Muuzaji wa samaki wa mapambo hapa mjini akanionyesha samaki wa rangi ya chungwa mwenye milia mitatu myeusi, urefu wake kama kidole changu cha kati. “Mzee, chukua huyu mmoja tu, atawamaliza.” Nikalipa shilingi 45,000.

Kwa konokono alisema kweli. Lochi ana mdomo mdogo unaotazama chini, umezungukwa na sharubu. Anapapasa mchanga kwa sharubu hizo, akimkuta konokono anamfyonza, gamba linabaki tupu. Lile la “mmoja tu” ndilo lililoniumiza. Kwao ni mito ya Sumatra na Borneo, na huko huishi kwa makundi. Wangu alijibana nyuma ya chujio wiki tatu, rangi imepauka, anatoka usiku peke yake. Nikarudi dukani nikachukua wanne. Siku ya pili wote watano walikuwa wanapita mbele ya kioo ubavu kwa ubavu, na yule mgonjwa wangu rangi imemrudia kama aliyepakwa upya. Kwa hiyo anayetaka lochi mmoja wa kusafisha tangi, namwomba asimnunue kabisa. Samaki huyu anateseka akiwa peke yake.

Wana mambo yao. Wakila, utasikia mlio mdogo wa kugongagonga, kama mtu anayevunja vijiti, na unasikika hadi nje ya tangi. Halafu kuna kulala. Binti yangu aliniita asubuhi moja huku analia, “Baba, samaki amekufa!” Nikamkuta lochi amelala ubavu juu ya mchanga, hatikisiki. Nilipotumbukiza mkono akainuka akaenda zake. Ndivyo wanavyopumzika.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: chini ya kila jicho kuna mwiba unaojikunja, na samaki akishtuka anauchomoza. Nilipomvua mmoja kwa wavu, mwiba ukanasa kwenye nyuzi. Sikuthubutu kuvuta. Nilimwacha ndani ya maji, nikachukua mkasi mdogo wa kucha na kukata wavu uzi mmoja mmoja hadi akatoka. Tangu hapo nawahamisha kwa bakuli la plastiki.

Shida kubwa hapa kwetu ni baridi. Samaki hawa wanataka maji ya nyuzi 25 hadi 30, na Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana tunaota jua, usiku wa Julai tunajifunika blanketi. Bila hita usijaribu. Mimi ninayo, ila usiku mmoja umeme ulikatika tangu saa tatu mpaka alfajiri, nikaamka kipima joto kinasoma 21. Siku chache baadaye wakaota madoa meupe kama chembe za chumvi. Lochi huupata ugonjwa huo upesi kuliko samaki wengi, na kwa kuwa magamba yake ni madogo mno, dawa humwingia vibaya. Nilitia nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nikapandisha joto polepole hadi 30, na nikaongeza pampu ya hewa kwa sababu maji ya moto hubeba hewa kidogo. Dawa haimuui kijidudu anayeleta madoa hayo akiwa bado chini ya ngozi ya samaki, inamuua akishatoka, basi nikaendelea wiki mbili bila kukatiza. Wanne walipona. Mmoja alikufa, na nilihuzunika kweli. Aliyekuja kujaza nafasi yake nilimtenga kwanza wiki tatu kwenye tangi dogo. Sasa umeme ukienda nalizungushia tangi blanketi na kutia ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri.

Matunzo mengine ni mepesi. Maji ya bomba nayaacha usiku kucha kwenye ndoo na pampu ya hewa ili klorini itoke. Mchanga uwe laini, la sivyo sharubu zinachubuka. Chakula ni tembe zinazozama, tango, na minyoo ninayochimba chini ya migomba. Siku ya minyoo wananifuata mkono.

Wanaouza hawasemi kwamba samaki yule wa urefu wa kidole atafika sentimita 20, hata 30, na kwamba lochi anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Tangi langu la lita 240 limeanza kuwabana. Fundi wa vioo ameshapima ukuta wa sebuleni, mita 1.8, kwa ajili ya tangi jipya, na nimemlipa nusu.