Ukumbi wa Mpira Chang'ombe: Raha ya Mwenyeji, Subira ya Mgeni

Jioni ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, Kenya na Tanzania zote zilicheza robo fainali ya CHAN, michuano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani: Kenya na Madagascar uwanja wa Kasarani, Nairobi, saa kumi na moja jioni, na Tanzania na Morocco Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, saa mbili usiku. Nilikuwa na mgeni, mfanyakazi mwenzangu kutoka Nairobi aliyekuja Dar es Salaam kikazi, nikampeleka katika ukumbi mmoja wa Chang'ombe ambao tangazo lake la mlangoni liliahidi mechi zote mbili kwa kiingilio kimoja cha shilingi 2,000. Jina la ukumbi sitalitaja, kwa kuwa yaliyoniudhi hapo nimeyaona katika kumbi nyingine za mjini, na sioni sababu ya mmoja kubeba lawama ya wote.

Hiki si kibanda umiza cha mabenchi na turubai. Viti ni vya plastiki lakini vina migongo, feni zinafanya kazi, jenereta iliwaka mara tu umeme ulipokatika, na picha ya projekta inaonekana vizuri hata kwa aliyekaa karibu na mlango. Mishkaki inachomwa nje, inaletwa ikiwa ya moto pamoja na kachumbari, na mhudumu hasahau chenji. Choo kilikuwa na maji mpaka mapumziko ya mechi ya pili. Baada ya hapo ni afadhali kujizuia.

Jambo moja la pekee, ambalo mwenye ukumbi hawezi kulisifia wala kulirekebisha, ni ujirani wake na uwanja. Matangazo ya setilaiti huchelewa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo siku timu yetu ya taifa, Taifa Stars, inapocheza kwa Mkapa, kelele za uwanjani hufika ukumbini kabla ya picha. Watu huanza kusimama wakati mpira kwenye skrini bado uko katikati ya uwanja.

Mechi ya Kenya ilianza kwa wema. Harambee Stars ilikuwa imeifunga Morocco bao 1–0 tarehe 10 Agosti, ikiwa na wachezaji kumi, na kwa kuwa Morocco hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikitusubiri saa mbili, ukumbi uliwaona Wakenya kama majirani waliotutangulia kufyeka njia. Wema huo ulidumu mpaka kipindi cha pili, Alphonce Omija alipofunga. Wachache tulipiga makofi, wengi walitazamana, na kijana mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Hawa wakitangulia nusu fainali, mtaani tutapita wapi?" Madagascar iliposawazisha kwa penalti, kicheko kilikuwa kikubwa kuliko makofi ya bao la Omija. Ni utani, na mgeni wangu aliupokea kama utani. Alijibu kwamba Madagascar, timu ambayo mshambuliaji wetu Clement Mzize aliifunga mabao mawili, haikupaswa kushangiliwa na Watanzania, na hilo likampatia marafiki wawili papo hapo.

Kosa la huduma lilikuja katika muda wa nyongeza. Mhudumu alihamisha projekta kwenye chaneli iliyokuwa ikionyesha Taifa Stars wakipasha misuli, na mechi ya Kasarani, ambayo ilikuwa 1–1 na inaelekea matuta, ikahamishiwa kwenye televisheni ndogo iliyo juu ya friji la soda, bila sauti. Mgeni wangu alimfuata kwa adabu: "Kaka, mechi bado haijaisha." Akajibiwa, "Subiri kidogo, bosi, watu wanataka kuwaona vijana wao." Kwa hiyo Mkenya aliyelipa shilingi 2,000 alitazama nchi yake ikitolewa kwa matuta 4–3 akiwa amesimama, shingo imepinda, huku akimpisha kila anayefungua friji. Nilipomuuliza mwenye ukumbi, alisema wateja wake ni Watanzania. Namwelewa, biashara ni yake. Ila tangazo la mlangoni halikusema hivyo, na michuano hii iliandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda kwa jina la Pamoja.

Saa mbili ukumbi ulijaa hadi vijana wakakaa chini mbele ya skrini. Wimbo wetu wa taifa ulisimamisha kila mtu, hata wachoma mishkaki. Wimbo wa Morocco ulipoanza, sehemu ya ukumbi ilipiga miluzi, na hakuna mhudumu aliyefungua mdomo. Mzee mmoja aliyevaa balaghashia ndiye aliyegeuka na kusema, "Wanangu, wimbo wa mtu hauzomewi," na kimya kikapatikana. Kazi hiyo ilimpasa mshereheshaji aliyekuwa ameshika kipaza sauti, lakini yeye alikuwa na shughuli nyingine: alipunguza sauti ya mtangazaji ili atangaze mwenyewe, na kwa muda wote wa mechi hakukiri faulo hata moja ya Mtanzania. Mchezaji wetu akianguka, amechezewa vibaya. Wa Morocco akianguka, ni mwigizaji. Kwa dakika kumi inachekesha. Kwa dakika tisini inachosha, kwa sababu mtu anayetaka kujua nani ameingia na nani ametoka hapati habari hiyo popote.

Mwamuzi alitukanwa ipasavyo, kama desturi inavyotaka. Ndani ya uwanja kelele hizo huenda zikawa na faida: ligi za Ulaya zilipochezwa bila mashabiki mwaka 2020, kadi walizopewa wageni zilipungua, jambo linaloonyesha kwamba sikio la mwamuzi nalo ni la binadamu. Mwamuzi wa kwenye projekta, hata hivyo, hajawahi kubadili uamuzi kwa ajili ya mtu wa Chang'ombe.

Kipindi cha pili, zilipofika kama dakika ishirini, ngurumo ya kwa Mkapa iliyokuwa ikiingia madirishani tangu mwanzo ilikatika ghafla. Kwenye skrini tulikuwa bado 0–0. Tulitazamana, na mshereheshaji aliyekuwa katikati ya sentensi akaishusha mikono. Ndipo picha ikatuonyesha Oussama Lamlioui wa Morocco akifunga. Sijawahi kuona watu zaidi ya mia wakilisubiri bao ambalo tayari wanajua si lao.

Mechi iliishia hapo, 1–0, na upendo wa taifa ukarudi mara moja kwenye mgawanyo wake wa kawaida. Mashabiki wa Yanga walimlaumu Shomari Kapombe wa Simba, wa Simba wakamlaumu Mzize wa Yanga, na mmoja akasema hatukuwa na namna ya kushinda kwa kuwa kocha wetu wa wakati huo, Hemed Suleiman, jina lake la utani ni Morocco. Hakuna kiti kilichorushwa, na walinzi wa mlangoni waliwatoa watu kwa utaratibu mzuri. Nyota moja naiongeza kwa ajili yao.

Kwa hiyo naupa ukumbi huu nyota tatu kati ya tano. Mtanzania anayetaka kuishangilia Stars na hana tiketi ya uwanjani afike saa moja kabla, akae upande wa kushoto penye feni, na aagize mishkaki kabla ya mapumziko. Anayekuja kutazama nchi nyingine aulize mlangoni, kabla ya kutoa pesa, ni skrini ipi itakayomhusu na hadi saa ngapi. Mwenye ukumbi naye, ikiwa anajiandaa kwa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, projekta ya pili itamgharimu kidogo kuliko wageni atakaowapoteza.

Mgeni wangu hakudai kurudishiwa kiingilio. Yule mzee wa balaghashia alimwagizia sahani ya pili ya mishkaki, akamwambia ni pole ya Kasarani, kisha akamkumbusha kwamba sasa na yeye anadaiwa pole ya kwa Mkapa.