Gereji ya Babu, Ngamiani, Tanga: fundi anayekataa kushika spana

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya magogo, nitaeleza.

Mwenye haraka asiende. Nimemshuhudia kwa macho yangu bwana mmoja aliyeingia na Noah yake saa mbili asubuhi, akaambiwa afungue rejeta mwenyewe, akaondoka akisonya. Gereji haina kibao wala ukuta. Ni mwembe, mabati manne, meza ya chuma na mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Babu. Ujana wake aliumalizia kwenye karakana ya shamba la mkonge, akitengeneza Land Rover. Anakutoza shilingi 15,000 kwa siku. Kwa pesa hiyo unapata kivuli, spana zake na jicho lake. Mikono unakuja nayo.

Mimi ni fundi cherehani. Gari ni la marehemu baba yangu, Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, injini ya petroli, silinda nne. Lilikaa miaka tisa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Watu wa vyuma chakavu walilijia mara tatu. Mara ya tatu mwanangu Issa, wa darasa la tano, aliingia ndani, akajifungia, akagoma kutoka mpaka wakaondoka na mizani yao. Likizo ya Juni tukalikokota mpaka kwa Babu: mimi, Issa, na dada yake Rehema aliye kidato cha pili.

Siku ya kwanza hatukugusa injini. Watoto walipomaliza "shikamoo Babu", wakapewa bisibisi kuukuu moja moja, wakaambiwa waingie uvunguni wagonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, wasikilize. Bodi ya Land Rover hizi karibu yote ni aluminiamu, hailiwi na kutu, ndiyo maana kwa juu lilikuwa bado na sura. Chesisi ni chuma, na upepo wa bahari wa Tanga mnaujua. Palipo pazima panalia "ngi!" Palipooza panalia kama boga. Rehema alipiga chaki sehemu saba. Mchomeleaji alikata akaweka vipande vipya kwa shilingi 220,000, na muda wote huo Babu aliwafukuza watoto wasikodolee ule moto. Hapo nampa pongezi.

Sasa magogo. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya vigogo viwili vya mwembe, na wanangu ndio walio chini yake. Nikauliza. Babu akasema vigogo hivyo vina umri mkubwa kuliko mimi na havijawahi kumwangusha. Nikawatoa watoto, nikaenda kuazima stendi za chuma kwenye gereji ya malori, nikarudi nazo kwenye bodaboda. Mzee alininunia mpaka adhuhuri. Glavu pia hana, na mikono huoshwa kwa petroli. Ukienda na watoto beba glavu zako, sabuni ya unga, na usione haya kubishana.

Kwa upande mwingine, kwenye hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, alikuwa mkali kuliko mimi. Kabla hajawaruhusu kuizungusha injini kwa mkono, kila mtoto alionyesha kwanza anavyoishika: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke chuma. Injini ikirudisha teke, gumba lililozunguka linavunjika. Issa alisahau mara moja, akakalishwa chini saa nzima. Injini yenyewe tulikuwa tumeitoa plagi, tukadondoshea oili kidogo kila silinda, ikalala usiku kucha ndipo ikakubali kuzunguka.

Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ni Zenith, na baba alikuwa akiilalamikia tangu nikiwa mdogo: moshi mweusi, inakunywa petroli kama haina kesho. Mafundi wangapi walimbadilishia vidude! Babu aliifungua, akaweka mfuniko wake juu ya kipande cha kioo, akamwita Issa auguse. Ukayumba. Umepinda, petroli inavuja ndani kwa ndani. Dawa yake ilikuwa msasa laini juu ya kioo, na mfuniko usuguliwe kwa kuandika namba nane, taratibu, mpaka ulale sawasawa. Issa aliandika nane kwa siku moja na nusu. Huyu ni mtoto ambaye hawezi kukaa dakika kumi na daftari.

Kilichonifanya niandike haya lakini ni valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda. Ziko nane kwenye mstari mmoja, na kila moja lazima iachwe na uwazi wa milimita 0.25 kati yake na chuma kinachoikandamiza. Babu akawaambia: zungusheni hendeli mpaka ya 8 ikandamizwe mpaka mwisho, hapo mpime ya 1. Kisha ya 6 ikikandamizwa, mpime ya 3. Ya 4, mpime ya 5. Rehema akawa anaandika kwenye ubavu wa boksi. Babu akanyamaza, akajitilia kahawa. "Na ya 7 ikikandamizwa?"

Kimya. Mimi mwenyewe nilikuwa natazama tu lile boksi, sindano mkononi.

"Mbili!" Issa akaruka. "Zote zinakuwa tisa! Nane na moja, sita na tatu..."

Babu hakumsifu. Alimwambia basi asimamie yeye, dada yake apime. Ile fila, yale mabapa membamba ya kupimia, nayo ina namna yake: ikipita bila kugusa uwazi ni mkubwa mno, ikigoma uwazi ni mdogo, inatakiwa ivutike kwa ubishi kidogo kama ukili kwenye mkeka unaosukwa. Rehema alirudia valvu ya 5 mara nne, na mzee alimtazama tu mara zote nne bila kunyoosha mkono. Mimi ningemnyang'anya. Nimekuwa na wanafunzi wa ushonaji miaka kumi na miwili na bado huwanyang'anya kitambaa.

Breki kwa kifupi: hiyo ni kazi ya watu wengi, kwa hiyo kuja na watoto ni faida. Mmoja yuko kwenye pedeli, mwingine anafungua nati ya kutolea upepo, tunaanza na gurudumu la nyuma kushoto lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu ya breki. "Pampu! Pampu! Shika!" Wiki nzima nyumbani hakuna aliyeweza kuomba chumvi kwa sauti ya kawaida. Viti nilishona mimi, kwa turubai, na ile mishono ni safi kuliko kitu kingine chochote kwenye lile gari, mtanisamehe.

Siku ya kumi na moja liliwaka. Jumla kwa Babu ni 165,000, bila risiti, kwani hajui risiti ni nini.

Dosari ya pili ni duka la spea alilotuelekeza, ambalo silitaji. Tuliuziwa platini mpya, kile kidude kinachofunguka na kufunga ili plagi zipate cheche, kwenye boksi la kupendeza, tukaambiwa orijino. Siku ya nne tangu liwake tulikuwa tunaenda Muheza kumwamkia shangazi, tumeshapita Pongwe, gari likaanza kukohoa, likazima. Rehema akafungua boneti kabla sijashuka. Kisigino cha platini, kile kinachosuguana na kamu, kilikuwa kimeshalika, uwazi umejifunga, cheche hamna. Inatakiwa iachie milimita 0.4 hivi, na fila tuliiacha nyumbani. Akaniomba mkoba. Akatoa kadi ya mchango wa harusi ya binti wa jirani, akaikunja-kunja vidoleni kuona unene wake, akaipitisha kwenye platini, akakaza skrubu. Tulifika Muheza, chai ilikuwa bado ya moto.

Nilipomsimulia Babu hakuomba radhi kwa lile duka. Alitaka kuiona kadi. Platini nyingine niliagiza Gerezani, Dar, ikaja na basi, na mpaka leo haijaleta shida. Nanyi fanyeni hivyo.

Yupo kuanzia saa moja asubuhi mpaka alasiri, Ijumaa hafungui. Simu hapokei, nenda mwenyewe, na andaa hela taslimu. Desemba tunarudi na stendi zetu wenyewe: gia ya pili inaruka, na Issa ameshaanza kuuliza ndani ya giaboksi mna meno mangapi.