Mguu wa kitenge
Nilimpeleka mwanangu wa miaka 8 kwenye karakana moja ya miguu bandia hapa Dar. Fundi hakuanza na mimi. Alichuchumaa, akamuuliza yeye: "Kaka, mguu wako unataka uweje?" Akachagua kitenge cha samaki, kipande kilichobaki kwenye gauni la bibi yake. Wakakivisha kwenye ganda linaloshika kigutu, wakamwagia rezini, kimiminika kinachokauka na kuwa kigumu. Ilipokauka, kitenge kikang'aa kama kigae. Zamani hata joto la Februari alivaa suruali ndefu. Sasa kaptula tu, wenzake wanapanga foleni kuugusa. Ila tuliahidiwa wiki 2, zikawa 5, na simu hawapokei. Mwakani atakuwa ameuzidi, tutarudi. Kitambaa ameshachagua: jezi ya Yanga. Mimi Simba, nimenyamaza.